Shangazi Asinyeshewe

Ulipita pale. Usinipepesee macho, nilikuona kutoka kibarazani kwangu, ng'ambo ya ua wao. Ulipita njia ya nyuma ya kiwanda cha magunia, suruali umeikunja hadi magotini kwa sababu ya matope, na mwavuli umeuinamisha upande wa kushoto. Upande wa kushoto hapakuwa na upepo. Palikuwa na watu. Mwanamke amepiga magoti kwenye maji, anasugua mlango wa gari kuukuu kwa tambara. Mumewe kashika mwavuli juu ya ule mlango, mvua inampiga yeye kisogoni. Mzee mwenye jicho lililofungwa bandeji anapapasa bati kwa vidole kama mtu anayetafuta kipele mgongoni mwa mtoto. Ukajisemea, hawa nao wana kazi. Ukaongeza mwendo.

Basi leo utasimama. Sijawahi kumsahau mtu aliyewainamishia wenzangu mwavuli, ila leo sikuja kukutukana. Nina haja nawe. Sikiliza kwanza, nitakachokudai nitakudai mwishoni.

Gari lenyewe unalijua. Refu la pua, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, kengele ya shaba juu ya kioo cha mbele. Ni gari la wagonjwa, na wafanyakazi wa magunia walilipa jina Shangazi, kwa sababu lilikuja penye matatizo bila kuuliza kosa ni la nani. Kabla yake, aliyeumia kiwandani alipelekwa hospitali kwa mkokoteni. Siku moja mashine ya kusokota ikamkamata mwanamke mkono. Gari la meneja lilikuwepo, limeegeshwa kivulini, lakini lilikuwa na viti vipya. Mwanamke yule alimalizikia kwenye mkokoteni huku dada yake akisukuma.

Wafanyakazi wakachanga miaka miwili, wakamnunua Shangazi. Kadi ya gari ikaandikwa jina la kiwanda, maana meneja alisema vibarua hawaandikishiwi gari. Hawakubishana naye. Wakati wa mapumziko ya mchana fundi wa karakana akafungua mlango wa nyuma, akachukua nyundo na vile vyuma vya kugongea herufi, akagonga kwenye bati la ndani majina ya wote waliochanga. Majina mia moja na themanini na sita. Waliona karatasi zikibadilika mbele ya macho yao kila mwaka, wakaamua kuweka jambo lao kwenye chuma. Kitu kimoja tu hawakukipigia hesabu: kutu.

Na mji huu unanyeshewa miezi tisa, mitatu iliyobaki ni ukungu. Unajua mwenyewe. Viatu vinaota ndevu uvunguni, chumvi inageuka uji kwenye kopo, picha ya harusi inamwagika rangi ukutani mpaka bibi harusi hana uso. Katika hali ya hewa kama hii chuma kisichotunzwa kinaliwa kama mkate.

Aliyemtunza ni Dereva wake. Kiwanda kilipofungwa alilikokota gari hadi uani kwake, akalijengea banda, na kwa miaka thelathini na mmoja, kila mwanzo wa mwezi, akalipaka oili chafu aliyoomba gereji. Ndani na nje, mvungu na milango. Gari jeupe likawa jeusi tii, linanuka kutoka barabarani, kuku akiliegemea anatoka kunguru. Watoto wa mtaa walimzomea. Watu wazima, na wewe ukiwemo, mliona mzee aliyechanganyikiwa na ndoo ya uchafu.

*

Barua ililetwa Jumatatu asubuhi. Dereva hakuwepo, alikuwa hospitali ya macho siku ya tatu akisubiri kupasuliwa mtoto wa jicho. Nyumbani walikuwa binti yake, ambaye ni fundi cherehani, na mkwewe kinyozi. Vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine asubuhi ni duka la kushonea na jioni ni sebule. Kinyozi aliisoma barua amesimama mlangoni, karibu na mwanga.

"Rudia hapo," Fundi alisema, pini mbili mdomoni.

"'Chombo chakavu kilichotelekezwa.' Wanamsema Shangazi, si mimi."

"Nawe wangekuandika, wangekuona unavyolala. Endelea."

Barua ilisema hivi. Bwana aliyenunua uwanja wa kiwanda amedai gari hilo ni mali ya kiwanda, na alinunua kiwanda pamoja na kilichomo. Karani wa halmashauri atakuja kulikagua Jumatano. Mwenye ushahidi kwamba gari ni lake auonyeshe siku hiyo, asipokuwa nao gari litakabidhiwa kwa Bwana huyo.

"Unajua anataka kulifanyia nini?" Kinyozi akasema. "Kwenye kiti changu watu wanasema yote, wakishafumba macho kwa wembe. Analitaka kwa mlango wa hoteli yake. Liwekwe pale, boneti iondolewe, mahali pa injini apande maua."

Fundi akazitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye mto wake wa pini moja moja bila haraka. Kinyozi alijua maana yake. Mkewe akiwa na hasira kweli, mikono yake hupungua kasi.

"Maua," alisema.

"Mekundu, nimeambiwa."

"Baba alibeba watu waliokatika miguu humo ndani, aje mtu apande maua."

"Mke wangu, tuseme ukweli lakini. Baba ana jicho moja na nusu. Banda lina matundu kama chujio. Sisi wenyewe chumbani tumeweka sufuria tatu. Tukilipoteza, tutapumzika."

"Pumzika wewe. Ushahidi upo mlangoni."

"Mlangoni kuna lami."

Hapo ndipo Fundi alipolipata wazo, na likampanda kichwani kwa furaha kama soda ya baridi. Majina yako chini ya uchafu. Karani ni mtu wa shati jeupe. Akija akakuta masizi yale, hatagusa hata kitasa, ataandika kwamba ni chakavu na kurudi zake kunywa chai. Kwa hiyo Shangazi ataoshwa. Baba akirudi atalikuta jeupe kama siku ya kwanza, na kwa mara ya kwanza mtaa huu utafunga mdomo.

Wakachemsha maji kwenye pipa. Wakamwaga sabuni ya unga pakiti nne. Jirani yao Mama Bobini, bibi wa miaka sabini na kitu aliyesokota nyuzi kiwandani mpaka siku ya mwisho, akaja na brashi yake ya kufulia na kigoda. Ndiye aliyesukuma ule mkokoteni. Alikaa akasugua tairi hadi chini. Maji meusi yalitiririka uani, yakapita mlangoni, yakaingia barabarani. Nyeupe ikachomoza kwanza kwenye tumbo la mlango, kisha ubavuni, kisha msalaba mwekundu uliofifia, na kila kilipotokea kipande Fundi aliita, "Njooni muone," ingawa wote walikuwa pale pale wameshika matambara.

"Kumbe ulikuwa mrembo hivi," Kinyozi akaliambia gari. Alikwishasahau habari ya kupumzika.

Mvua ikaanza kabla halijakauka. Fundi alikuwa na robota ya nailoni ya buluu aliyoitunza kwa kazi ya mahema. Alilipima Shangazi kama anavyompima mteja mnene, kwa heshima, akazunguka mara mbili. Akashona joho zima, mshono juu ya mshono, kila tundu la sindano akalipitishia mshumaa lisivuje. Wakalivisha gari, wakazichomeka pindo chini ya magurudumu, wakafunga kamba. Hapakubaki upenyo wa kuingiza hata kijiti cha kiberiti.

"Hata mbu akitaka kupita ataomba kibali," Kinyozi akasema.

Fundi alilala usiku ule anatabasamu. Hakuna fundi mwingine mjini angeshona vile. Hilo ni kweli, na ndilo lililowaponza.

*

Jumatano Karani hakuja. Alhamisi Fundi akavaa gauni lake la kutokea, akaenda halmashauri. Alikaa kwenye benchi la korido. Mfagiaji akamwomba ainue miguu. Baadaye akamwomba ahamie benchi lingine. Baadaye benchi lile likahitajika ukumbini, akasimama. Kila mlango ulipofunguka alijiweka sawa, akaandaa salamu, mlango ukafungwa. Saa sita kasorobo Karani akatoka, kijana mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni, mpole wa sauti.

"Mama, gari la ofisi halina mafuta. Nitakuja Jumatano ijayo."

"Mwanangu, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mimi nimekuja kwa miguu."

"Taratibu haziruhusu kukagua kwa miguu."

Fundi alicheka kwa sababu alidhani ni utani. Uso wa kijana ukabaki vile vile. Akakizuia kicheko katikati, nacho kikamkaa kooni njia nzima ya kurudi.

"Gari limefunikwa vizuri lakini?" Karani aliuliza alipokuwa anaondoka.

"Hilo usiulize," Fundi akajibu, na alipolisema hilo kifua kilimjaa tena.

Mvua haikukatika. Siku nane, joho la buluu linang'aa uani, mishono haipitishi hata tone, maji yanateleza kama kwenye mgongo wa bata. Fundi aliwaonyesha wateja wake kupitia dirishani.

*

Jumanne Dereva akarudi, kashikwa mkono na mkwewe, jicho la kulia chini ya bandeji na la kushoto linaona ukungu. Alivuka kizingiti cha ua, akasimama. Akainua pua.

"Shangazi yuko wapi?"

"Yuko hapa, Mzee, mbele yako. Tumemfunika."

"Mbona simsikii harufu?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa wakati huu wiki nzima. Alimshika baba yake mkono mwingine. "Baba, nimekuoshea. Oili yote imetoka. Jeupe pe. Ukifunguliwa bandeji hutaamini."

Mzee akajinasua mikono yote miwili. Alitangulia mbele mikono imenyooka, akagusa nailoni, akaipapasa kutoka juu hadi chini, akafuata pindo hadi zilipoingia chini ya gurudumu. Kisha akabandika kiganja chake na kukiacha pale.

"Liliposhonewa hili, gari lilikuwa limekauka?"

"Mvua ilikuwa imeanza, Baba."

"Fungua."

"Karani anakuja kesho, tulifungue kesho."

"Mwanangu, fungua."

Kinyozi akakata kamba. Joho likaanguka, na kabla hawajaona kitu walipigwa na joto la unyevunyevu, kama mtu aliyefunua sufuria. Upande wa ndani wa nailoni ulikuwa umejaa matone, maelfu, yanatiririka. Na Shangazi, aliyekuwa mweupe, alikuwa na rangi ya chungwa. Kwenye mikunjo ya milango, kando ya taa, kila mahali rangi ya zamani ilipokuwa imebanduka. Fundi akakimbilia mlango wa nyuma, akauvuta. Bati la majina, lisilokuwa na rangi hata tone, lilikuwa jekundu lote, kutoka kona hadi kona, kama limepakwa udongo. Hakuna herufi iliyoonekana.

Alikaa chini palepale matopeni na gauni lake.

"Semeni," Dereva akasema. "Mimi sioni."

Kinyozi akaanza kuzikunja kamba alizozikata.

"Basi nitasema mimi. Nyie mmemvisha koti la mvua mtu aliyelowa, mkambana shingo, mkamwacha siku nane. Maji ya mvua yananyesha na kukauka. Maji yaliyofungiwa ndani hayana pa kwenda, yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, usiku na mchana. Chuma kinataka vitu viwili, mafuta mwilini na upepo pembeni. Mnadhani kwa nini sikuziba yale matundu ya ubavuni mwa banda? Nilikosa mbao?"

"Hukutuambia, Baba," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii unapaka tu na kunyamaza. Sikujua ni dawa. Nilijua ni uchafu. Nilikuwa naona aibu."

Hilo lilimwingia mzee. Akageuza uso kutafuta sauti ilipotoka.

"Kweli sikusema," alisema. "Nilizoea kwamba hakuna anayeuliza."

Unasikia hapo? Miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe miaka hiyo nilipita pia. Sijitoi.

*

Mama Bobini ndiye aliyevunja ile hali. Aliingia na kigoda chake kama anakuja kufua, akalitazama bati, akamtazama Dereva.

"Hii ni ya siku ngapi?"

"Nane."

"Basi ni mtoto. Bado hajaota meno. Tunasimama tunamlilia nani?"

Mzee akacheka, kicheko cha ghafla, na hapo akaanza kutoa amri. Leteni mafuta ya taa. Leteni matambara ya pamba, ya nailoni hapana, nailoni nimeichoka. Brashi ya waya msiilete, wala msasa, vitakula herufi. Taratibu, mviringo, kwa tambara tu. Kinyozi akakimbia na mwavuli. Fundi akapiga magoti, akachovya, akaanza kona ya juu. Ndiyo, hapo ndipo wewe ulipopita.

Alisugua shubiri moja. Tambara likawa jekundu. Akachukua lingine. Bati likaanza kurudi rangi yake ya kijivu, laini, linang'aa kwa mafuta ya taa. Akaacha kusugua.

"Baba."

"Nini?"

"Baba, yanasomeka."

Kutu ilikuwa imekubali kutoka kwenye uso wa bati, ila mle nyundo ilipochimba, tambara halikufika. Kila herufi ilibaki imejaa wekundu. Majina ambayo kwa miaka thelathini yalikuwa weusi ndani ya weusi sasa yalisimama mekundu juu ya kijivu, safi kuliko maandishi ya gazeti. Kinyozi aliinama na mwavuli ukainama naye, maji yakamwagikia mkewe shingoni, wala hakustuka.

"Kifaru," Kinyozi akasoma. "Bwana Kesho. Mama Karanga. Sauti ya Zege. Hee, Sauti ya Zege ndiye nani?"

"Mlinzi wa geti," Mama Bobini akasema. "Akikohoa huku, mbwa wanabweka kule."

Kiwandani hakuna aliyeitwa jina la kwao. Ukiingia wiki ya kwanza unapewa jina, na hilo ndilo unalokufa nalo. Dereva alisogea, akaweka kidole kwenye bati, akasoma yeye bila macho, mstari baada ya mstari, kwa sababu kila mwezi alipopaka oili aliyapitia kwa kidole moja moja. Aliyajua kwa kuyagusa. Fundi alimtazama baba yake akisoma gizani mwake na akaelewa kwamba ile haikuwa kazi ya kupaka tu.

"Wa kwanza kabisa," Mama Bobini akasema taratibu. "Juu pale. Nisomee."

Kidole kikapanda hadi kona, kikatulia.

"Sindano."

Huyo ni dada yake, yule wa kwenye mkokoteni. Hakuchanga hata senti, alikuwa amekwishazikwa. Wenzake walichanga fungu lake na kumwandika wa kwanza. Bibi akavuta kigoda, akakaa mbele ya jina lile, akamwambia Kinyozi, "Shika mwavuli vizuri, kijana. Unamlowesha."

*

Jumatano Karani alikuja, kwa gari la ofisi, lenye mafuta. Alimwamkia mzee, akavaa glavu, akatazama bati kwa muda mrefu. 

"Ni kazi nzuri," alisema. "Tatizo ni kwamba haya ni majina ya utani. Siwezi kuandika kwenye taarifa kwamba gari ni la Kifaru na Bwana Kesho. Halmashauri inataka watu."

"Kwani hao ni wanyama?" Kinyozi akauliza.

"Nataka waonekane. Au watoto wao. Wakizidi nusu, naandika kwamba wamiliki wapo. Lakini natakiwa kurudisha taarifa leo saa nane."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Fundi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama barabara, matope, mvua. Watu mia moja, wazee, kwa saa nne na nusu, utawakusanya kwa miguu gani?

Dereva alikuwa anatembea ubavuni mwa gari kwa kupapasa. Akafika mbele, akapanda ngazi ya mlango, akanyoosha mkono juu ya kioo, akapata kamba.

Akavuta.

Hukuisikia? Usinidanganye, ilifika hadi sokoni. Kengele ya Shangazi ilikuwa haijalia tangu kiwanda kifungwe, na shaba haijui kutu. Ilipasua ile mvua kama kisu kinavyopasua kitambaa kipya. Mzee alivuta, akapumzika, akavuta. Na kwenye nyumba zote za kule bondeni, watu ambao hawakutoka nje kwa mafuriko wala kwa mkutano wa uchaguzi walinyanyuka kwenye viti. Miguu yao ndiyo iliyokumbuka. Kengele ile ilimaanisha mwenzako kaumia, toka.

Wa kwanza aliingia na kijiko mkononi, ametoka mezani. Wa pili na wa tatu walikuja wameshikana. Kisha wakawa hawahesabiki, wamejifunika magunia vichwani dhidi ya mvua, magunia yale yale ya kiwanda.

"Nani kaumia?" wakauliza.

"Sisi," Mama Bobini akajibu. "Pangeni mstari."

Kinyozi akasimama juu ya tofali kama mtangazaji wa mpira.

"Kifaru."

"Nipo." Akatoka mzee mwembamba kama ufito, ua mzima ukacheka, na yeye akacheka kuliko wote. "Nilikuwa mnene, jamani. Ulizeni."

"Sauti ya Zege."

"Nipo," ikasema sauti, na Karani akadondosha kalamu.

"Mama Karanga."

"Ametangulia. Mimi bintiye. Na mpaka leo kwetu tunaitwa akina Karanga, hata barua ya umeme inakuja hivyo."

"Bwana Kesho."

Watu wakageuka huku na huku. Wakatazamana.

"Anakuja," mtu akasema kutoka nyuma, "alisema kesho." Hata Karani alishindwa kujizuia, akajifuta miwani kwa kisingizio cha mvua. Bwana Kesho mwenyewe aliingia saa tano na robo, kabebwa kwenye toroli na wajukuu, akakemea kwamba wamemwita mapema.

Fundi alikuwa anahesabu kwa pini. Kwa kila aliyeitika, yeye alichoma pini moja kwenye mto wake. Sitini. Sabini na mbili. Saa sita mstari ukapungua, sauti za "nipo" zikaanza kuachana mbali mbali. Themanini na nane. Kinyozi aliita majina kumi bila jibu, na kila jina lilianguka kwenye maji. Saa saba. Tisini na moja. Mzee akavuta kengele tena, mkono umemlegea, na Mama Bobini akampandia ngazini akamsaidia kuvuta. Wakaja watatu wa gereji, watoto wa fundi wa karakana yule aliyegonga herufi, mikono imejaa oili. Wakamsoma baba yao kwenye kona ya chini kabisa, mahali fundi hujiandika, wakahesabiwa pini moja wote watatu.

Pini ya tisini na nne, ile ya kuzidi nusu, iliingia saa saba na dakika ishirini. Hadi saa nane zilifika mia moja na saba.

Karani akaandika. Aliandika majina ya utani kwanza, kisha ya karatasi pembeni. Alipomaliza alivua glavu.

"Nimeandika nilichokiona," alisema. "Gari lina wenyewe. Ila siwezi kuwadanganya. Bwana yule atakata rufaa, na kuna kifungu. Chombo kikiwa kwenye mgogoro lazima kiwe chini ya paa la kudumu. Hili banda likianguka kwa upepo mmoja, ndiyo basi. Mna siku kumi na nne. Bila paa, litahamishiwa kiwandani kwa usalama wake hadi shauri liishe."

"Uwanja wa kiwanda una paa?" Dereva akauliza.

Kijana akazikunja glavu zake. "Hauna, mzee."

Wote walielewa. Shauri huchukua mwaka. Bati lile kwenye mvua ya mwaka mmoja, bila mafuta, bila mtu wa kulipapasa, litakuwa na matundu mahali penye majina. Siku ya hukumu watafungua mlango, na hakutakuwa na cha kusoma.

*

Sasa nimefika kwako.

Bati la kwanza lililetwa na Mama Bobini jioni ileile. Aliling'oa kwenye jiko lake, na tangu hapo anapikia chumbani na moshi unamtoa machozi, akiulizwa anasema ni vitunguu. La pili na la tatu yalitoka gereji. Kifaru alileta nusu bati, akasema hiyo ndiyo saizi yake sasa. Dereva amefunguliwa bandeji, kitu cha kwanza alichokiona ni lile gari jeupe lenye madoa, akalitazama sana, kisha akaomba ndoo ya oili. Safari hii Fundi ndiye anayepaka, na Kinyozi anashika tochi mvunguni na kutoa maelekezo ambayo hayaombwi. Majina wameyapaka grisi nyepesi, yanasomeka.

Nguzo zimesimama. Ubavuni wameacha wazi, upepo upite. Fundi mwenyewe anamfukuza yeyote anayeleta nailoni. Paa linataka mabati ishirini na manne. Leo asubuhi nimehesabu, yako kumi na saba, na zimebaki siku tano. Upande wa paa ambao bado hauna bati ni wa kushoto, uleule ulioinamishia mwavuli.

Usiniambie utatuma salamu. Usinisimulie habari za paa lako, najua lina matundu, letu sote lina matundu. Kuna bati nyuma ya choo chako limelala tangu mwaka juzi, unasema utalifanyia kazi siku moja. Liinue. Chukua misumari ya bati na nyundo, funga duka, mwambie mwenye ofisi umeitwa na shangazi yako. Ukifika, tafuta mlangoni, huenda baba yako yumo, na hujawahi kumsoma. Nenda sasa hivi, usingoje mvua ikatike. Haitakatika. Mwavuli uache nyumbani, utahitaji mikono yote miwili.